Mikono ya Tavaris Oglesby

Jumanne, 21 Machi

Moteli ya Coffey Bend, Alabama. Chumba kinanuka sigara za mtu aliyekwisha kuondoka. Bomba la maji moto linatoa baridi, la baridi halitoi kitu. Hayanisumbui. Kesho ni siku ya vipimo chuoni, na mimi nimekuja kwa ajili ya kijana mmoja tu.

Tavaris Oglesby. Mvamizi wa pembeni katika futiboli ya Kimarekani. Anaanzia ukingoni mwa mstari, anamzunguka pande la mtu lililowekwa kumzuia, anamwangusha mrushaji wa wapinzani kabla mpira haujamtoka mkononi. Ligi nzima inalilia watu wa namna hii. Ni wachache, na siku ya uteuzi, timu zinapochagua vijana wa vyuo kwa zamu, raundi baada ya raundi, wanaisha mapema kama mikate ya asubuhi.

Nilimwona Oktoba, mvua inanyesha, jukwaani hakuna mtu ila wazazi. Alimwangusha mrushaji wa wageni mara tatu. Mara ya nne yule mrushaji alimwona tu anakuja, akajilaza chini mwenyewe. Nilimpenda kijana palepale. Nitasema ukweli: nililia kidogo. Mvua ilinistiri.

Tathmini yangu, bila kutia chumvi. Hatua ya kwanza: kali mno, mpira ukitikisika tu yeye kashaondoka. Kiuno: kinakunjika, anapita kona akiwa amelala karibu na nyasi na haanguki. Vidole: vikikamata jezi havibanduki. Kasoro: mwepesi. Tena akizuiwa mbinu ya kwanza anasimama tu, kama mtu aliyefika dukani akasahau alichotumwa. Hilo linafundishika. Mengine hayafundishiki, Mungu humpa mtu au hampi.

Sasa shida. Bosi wangu ni Garvin Pruett, meneja mkuu wa timu ya Omaha. Januari alinikuta kwenye korido, akaniambia huku anatembea kwamba nimletee mtu mmoja, mmoja tu, wa kuangusha warushaji, la sivyo mwezi wa sita nisijisumbue kurudi. Mikataba yetu sisi wasaka vipaji huisha kila mwaka uteuzi ukipita. Nina miaka hamsini na sita. Kazi nyingine niliyowahi kufanya ni kuuza magodoro, na sikuuza.

Halafu bosi huyohuyo ameipa timu nyingine nafasi zetu za mwanzo za kuchagua ili apate mrushaji mwenye goti bovu. Hatuchagui mtu hadi raundi ya nne. Tavaris kila mtu anamtaja raundi ya pili.

Kwa hiyo lazima Tavaris afichwe. Mpango ninao. Ni mzuri hadi naogopa kuuandika.

Jumatano, 22 Machi

Mpango umefanikiwa!

Asubuhi tulikunywa chai pamoja motelini, wasaka vipaji wote wa timu zote, meza moja, kama kawaida yetu. Na kama kawaida yetu kila mtu alidanganya. Anayemtaka huyu anamsifu yule. Rusty Klingbeil wa Louisville alisema yeye amekuja kumwangalia mpiga mateke. Mimi nikasema nimekuja kwa ajili ya uji wa mahindi. Wakacheka. Klingbeil hakucheka, alikuwa anatafuna mbegu zake za alizeti. Mtu mzito sana kichwani, huyu. Miaka yote hii sijamwona akiandika neno.

Kisha ukumbini. Utaratibu wetu ni kwamba mmoja anashika tepu, anapima, anataja kwa sauti, na wenzake wote wanaandika. Kipimo kikishatajwa kimetajwa. Kinakwenda kwa timu zote za ligi na hakuna anayekipima tena kabla ya uteuzi, maana tukianza kutoaminiana kwenye tepu tutalala kule. Nikajitolea kushika. Wakasema sawa, Merle mkubwa, shika wewe.

Kimo, sawasawa. Kiganja, sawasawa. Ukaja mkono. Mkono hupimwa kuanzia mfupa wa bega hadi ncha ya kidole cha kati, na kwa mvamizi wa pembeni ndio roho yake: mwenye mikono mirefu anamsukuma adui kabla adui hajamfikia. Chini ya inchi thelathini na tatu watu wanaanza kukunja uso. Nikaweka mwanzo wa tepu chini ya mfupa, karibu upana wa vidole gumba viwili, nikafunika kwa kiganja changu. Nikataja: “Thelathini na moja na nusu!”

Kocha Hathorn, aliyemlea Tavaris chuoni miaka minne, akavua kofia kama yuko msibani. Tavaris mwenyewe aliutazama mkono wake kana kwamba umemtukana hadharani. Akaniuliza kwa adabu, “Bwana Merle, una hakika?” Nikamwambia tepu haina upendeleo, mwanangu.

Nilimwonea huruma. Muda mfupi.

Baadaye alikimbia yadi arobaini kama amefunguliwa kutoka kwenye kamba. Hakuna aliyetazama saa. Watatu waliondoka kabla ya chakula cha mchana, wawili wanaongea kuhusu barabara. Klingbeil alibaki kwenye benchi anatema maganda kwenye kikombe cha karatasi. Hakujua pa kwenda, nadhani.

Kesho nampigia Pruett. Namwambia faraghani mkono wa kweli ni thelathini na tatu na robo, nyamaza, msubiri raundi ya nne. Atanikumbatia. Si mtu wa kukumbatia, lakini atafanya.

Alhamisi, 23 Machi

Pruett alipokea simu akaiweka kwenye spika. Chumba kizima kilikuwamo. Makocha, mwenye timu, mwanasheria wa mwenye timu. Tangu lini mwanasheria anakaa kwenye kikao cha mikono?

Akasema kwa sauti kubwa amesikia habari ya Oglesby. Inchi thelathini na moja na nusu. Huyo si mvamizi, huyo ni mjusi. Keshamwondoa kwenye ubao. Anayo sheria yake na kila mtu anaijua, chini ya thelathini na tatu hachukui, hata awe mtoto wake wa kumzaa.

Nikakohoa. Ningesema nini mbele ya mwanasheria? Nikasema pengine mkono utakua.

Mwenye timu akauliza kijana ana miaka mingapi. Nikasema ishirini na mmoja. Akauliza huko Alabama watu wanaendelea kuota mikono hadi umri gani.

Walicheka muda mrefu. Nilisikia hata mwanasheria.

Ijumaa, 24 Machi

Nimewaza. Mpango haukuwa mbaya, umebaki nusu tu. Nusu ya kwanza imekamilika: timu nyingine zote hazimtaki. Nusu ya pili ni kuifanya timu yangu imtake. Wenye hekima wanatengeneza mambo hatua kwa hatua.

Nahitaji kipimo kipya. Kikipatikana kwa siri, nampelekea Pruett peke yake.

Jumanne, 4 Aprili

Nyumbani kwa kina Oglesby, nyuma ya kiwanda cha kupasua mbao. Nilipeleka pai ya njugu za pekani, ya dukani. Nikaitoa kwenye boksi, nikaiweka kwenye sahani ili ionekane nimeipika mwenyewe.

Mama yake ni Bi Lorene. Anapika kwenye shule ya msingi, mwanamke mpana, kauli zake fupi. Aliitazama pai, akanitazama mimi, akauliza imenichukua muda gani kuipika. Nikasema tangu alfajiri. Akasema ajabu, hata chini yake kuna alama ya duka.

Akanikaribisha hata hivyo. Kambare wa kukaanga na kabichi. Alinieleza wazi anachotaka. Tavaris akichaguliwa raundi ya pili, yeye anaacha jiko la shule. Magoti yamekwisha. Kanisani keshawaambia. Lakini tangu siku ya tepu simu haziiti, na mtoto kila asubuhi ananing’inia kwenye bomba la chuma uani, anavuta mikono irefuke.

Nilitazama dirishani. Ni kweli. Alikuwa ananing’inia.

Nikapata tonge gumu la kambare kooni. Nikanywa maji, likapita.

Nilimwambia Tavaris asimame kwenye fremu ya mlango nimpige picha ya kumbukumbu, mkono umenyooka, tepu pembeni kama pambo. Akaniuliza tepu ni ya nini. Nikasema siku hizi ndiyo mtindo. Kijana mtiifu, akasimama. Kwenye picha inaonekana thelathini na tatu na robo, safi kabisa!

Nikitoka nililiona pikapu jekundu la Klingbeil kwenye kituo cha mafuta ng’ambo ya barabara. Amepotea, maskini. Nilimpungia mkono. Akanipungia.

Alhamisi, 6 Aprili

Jibu la Pruett kuhusu picha: kichwa cha Tavaris kimekatwa. Anaona mkono mrefu na tepu. Anasema huo mkono unaweza kuwa wa mtu yeyote, hata wa mpasua mbao fulani, na mimi nikatafute kazi ya studio.

Kweli, kichwa hakimo. Nilikuwa nimeelekeza macho kwenye inchi.

Jumatatu, 10 Aprili

Nimerudi kwa kina Oglesby. Pai nyingine. Safari hii nilikwangua alama ya chini.

Tavaris alikuwa amelala kwenye kochi baada ya mazoezi, mdomo wazi, mkono mmoja umening’inia hadi kwenye zulia. Nafasi kama hiyo hairudi. Picha ya video, uso wake, mkono, tepu, vyote pamoja! Nikaegemeza simu kwenye Biblia ya mezani, nikapiga magoti, nikatambaa. Nikaweka tepu begani. Nilikuwa nimefika kwenye kiwiko nilipohisi mtu nyuma yangu.

Bi Lorene, mwiko mkononi. Akaniuliza kwa upole mimi ni fundi nguo au mtengeneza majeneza.

Nikasema ni utafiti.

Akasema kwake watu hawapimwi wakiwa wamelala hadi siku wamekufa, na kama nina haraka hiyo anaweza kunitafutia wa kumpima mapema, hayuko mbali, kapiga magoti kwenye zulia lake. Nikasimama. Tavaris akaamka, akaona tepu, akasema “Karibu Bwana Merle,” akalala tena. Adabu za huyu mtoto!

Bi Lorene alinisindikiza hadi barazani. Hakupiga kelele, hilo ndilo lililonitisha. Alisema haelewi mchezo, haujali, anachojua ni kwamba mtu aliyemwambia mwanawe ana mikono mifupi sasa haachi kuja kuitazama hiyo mikono. Kama kuna jambo, niseme. Kama hakuna, nisije na pai.

Pale ndipo ningeweza kusema. Neno lilifika hadi kwenye meno. Lakini nikaona nikisema leo, kesho liko kanisani, keshokutwa liko kwa mwanasheria. Nikasema hakuna jambo, mama, ni upendo wa mchezo tu.

Akafunga mlango.

Klingbeil tena kituo cha mafuta, ameegemea pikapu, mbegu mdomoni. Akaniuliza kama pai ilipendeza. Nikamwambia nina shangazi mtaa huu. Akasema shangazi ni watu wazuri. Mtu wa kumhurumia kweli, hana hata pa kwenda Jumatatu mchana.

Video ilirekodi Biblia. Simu ilikuwa imegeuka.

Jumanne, 18 Aprili

Omaha. Kikao cha mwisho kabla ya uteuzi. Ubao umejaa majina, kila jina kwenye kadi yake ya sumaku. Ya Tavaris iko kwenye ukuta wa pili, ule wa wasiofaa, kati ya mmoja aliyechoma bweni na mwingine aliyekutwa na kisukari akaficha.

Nilipanga kumsifu kwa hoja. Nikawaonyesha mechi ya Oktoba. Mara ya kwanza, anguko. Mara ya pili, anguko. Makocha wakasogea mbele. Kocha wa ulinzi akasema mh, kiuno hicho. Nikasema kiuno hicho! Nikawaeleza hatua ya kwanza, vidole, kila kitu, na hata kasoro yake ya kusimama akizuiwa, na jinsi ya kumfundisha hatua ya pili. Sijawahi kuongea vizuri vile maishani mwangu. Moyo ulinijaa.

Pruett akasema vizuri sana, Merle. Mikono?

Nikatazama ule ukuta wa pili. Akasema unaona.

Hapo nikaona basi, liwalo na liwe. Mwenye timu hakuwepo, wala mwanasheria. Nikasimama, nikasema ukweli wote. Kwamba mimi ndiye niliyeshika tepu. Kwamba nilianzia chini ya mfupa kwa makusudi ili tumpate raundi ya nne. Kwamba mkono ni thelathini na tatu na robo, naapa kwa jina la marehemu baba yangu.

Walinitazama. Kisha Pruett akaja, akaweka mkono wake begani kwangu. Macho yalikuwa yamemlowa kidogo. Akasema miaka yote kwenye kazi hii hajawahi kuona mtu anampenda mchezaji hadi kujisingizia wizi. Kwamba nimechoka. Kwamba hakuna msaka vipaji anayechezea tepu, hata mlevi, hata mwendawazimu, ndio maana ligi inasimama. Akanishauri niende nyumbani nikalale.

Nikasema lakini nimechezea! Akasema ndiyo, ndiyo, Merle. Wakaniletea maji.

Sasa hii ni haki? Nimedanganya, nikaaminiwa na ligi nzima. Nimesema ukweli mara moja, wamenipa maji.

Lakini si kitu. Mlangoni kocha wa ulinzi alinishika kiwiko, akanong’ona kwamba kile kiuno hakimtoki kichwani. Ataongea na bosi. Kama kijana atakuwapo raundi ya saba, mwisho kabisa, watamchukua kwa kuniridhisha. Raundi ya saba! Na nani mwingine atamchukua mjusi? Amefichika vizuri kuliko yeyote. Kazi yangu imeokoka. Mpango umetimia, kwa kuzunguka tu.

Ijumaa, 28 Aprili

Jioni ya pili ya uteuzi. Raundi ya pili imepita, ya tatu imepita. Tavaris bado. Kila jina lililosomwa ambalo si lake, nilipiga ngumi ya furaha kwenye mto wa kiti.

Bi Lorene alinipigia katikati ya raundi ya pili. Aliuliza kama televisheni yake ina hitilafu. Nikamwambia haina. Akasema basi, asante. Nyuma yake nilisikia watu wengi, wa kanisani nadhani, wanaongea polepole.

Nilikula nusu ya sandwichi. Nusu nyingine haikunivutia.

Jumamosi, 29 Aprili

Raundi ya nne. Timu ya tatu kuchagua, Louisville.

“Tavaris Oglesby, mvamizi wa pembeni, Chuo cha Coffey Bend.”

Nilidhani nimeota. Nikageuza stesheni. Huko nako lilikuwa lilelile.

Mtangazaji alicheka, akauliza Louisville wanafanya nini na mikono mifupi hivyo. Wakamwonyesha Klingbeil ndani ya chumba chao. Amekaa. Anatafuna.

Nilimpigia. Sikuweza kujizuia. Nikamwuliza alijuaje. Akanijibu taratibu, kama mtu anayemweleza njia mgeni, kwamba yeye hakujua kitu. Tepu alisikia kama wengine, akamfuta kijana kama wengine. Ila kesho yake aliona gari langu bado liko motelini, wakati wote wameondoka. Halafu, akipita kutia mafuta, akaniona nimerudi na pai. Akajisemea, “Merle Stotz hajawahi kumnunulia mtu hata soda, sembuse pai.” Ndipo akaanza kunifuata mimi. Pai ya pili ilipoingia ile nyumba, alikwenda kuomba kanda za mechi zote.

Akasema ananishukuru. Kwa kipimo cha kawaida kijana angeondoka raundi ya pili na Louisville raundi ya pili hawakuwa na nafasi. Nimemtunzia vizuri. Akaniuliza shangazi hajambo.

Nikakata simu.

Jumatatu, 1 Mei

Pruett ameniita. Hakuwa mkali, angekuwa mkali ingekuwa afadhali. Amesema nipumzike. Mkataba haurudiwi. Kwenye sanduku la vitu vyangu wameniwekea mto wa shingo wa safari, wenye nembo ya timu.

Korido ilikuwa ndefu. Kocha wa ulinzi alitoka ofisini kwake akanishika mkono, akasema tulimkosa kidogo tu. Nilitaka kulia. Nilikwenda hadi kwenye maegesho kwanza.

Jumatatu, 15 Mei

Nimepitia jambo zima tangu mwanzo, kwa utulivu, bila kujionea huruma. Mtu mzima lazima ajikague. Nimegundua kosa. Kosa lilikuwa pai. Tepu haikuwa na tatizo lolote, tepu ilifanya kazi yake kwa uaminifu. Ningempelekea keki pamoja na majirani wote, nani angenishuku?

Nimewaandikia Boise. Wanatafuta msaka vipaji wa kusini. Kuna kijana Georgia, mlinzi wa mrushaji, mkubwa kama ghala, na hakuna anayemjua bado. Nikipewa kazi nitajitolea kushika mizani.

Nilikuwa bado naandika hayo simu ilipoita. Tavaris, kutoka Louisville. Sikutarajia. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya heshima, kama siku zote.

Alisema amefika salama. Chakula kizuri, watu wazuri, Bwana Klingbeil anamletea mbegu za alizeti. Makocha wamekwisha kumwambia ana nafasi ya kucheza mwaka huuhuu, wameanza kumfundisha hatua ya pili. Nikasema mimi ndiye niliyesema hilo kwanza. Akasema anaamini, bwana.

Akasema kuna kitu kinamkosesha raha. Juzi walimpima upya, wachezaji wapya wote hupimwa. Mkono wake ni inchi thelathini na tatu na robo. Amefikiri sana. Ameona kumbe siku ile Coffey Bend hakunyoosha mkono sawasawa, alikuwa na woga, labda aliukunja bila kujua. Akashuka hadi raundi ya nne kwa uzembe wake mwenyewe. Mama itabidi apike shuleni mwaka mmoja tena, lakini hilo ni lake, atalibeba. Kinachomuuma ni mimi. Amesikia nimepoteza kazi kwa kumtetea mbele ya watu wote Omaha, hadi nikajisingizia uongo kwa ajili yake. Hakuna aliyewahi kumfanyia hivyo. Anaomba radhi.

Nilikaa na simu sikioni. Nje kuna mtu alikuwa anakata majani.

Nikamwambia ndiyo, siku ile aliukunja kidogo, niliona. Siku nyingine anyooshe.

Akasema ndiyo, bwana. Akaomba radhi mara ya pili.

Nikamsamehe.